Ikifa, Ijiwashe

Saa tano usiku, Pangani, ghorofa ya nne.
Julai imenikalia mabegani kama deni.
Mita ya stima inalia pi, pi, pi:
yuniti sita.

Kazi yenyewe ni ndogo. Daftari la chama
cha wasuka vyondo wa Kariokor,
wanachama thelathini na mmoja,
na mhazini wao, Bi Kanini, asiyetania na pesa.
Alinipigia asubuhi:
“Kijana, nimeweka mia mbili, kisha hamsini.
Kompyuta yako inasema nina elfu ishirini na hamsini.
Siku ya kugawana, nitazitoa wapi?”

Basi nasaka.
Nageuza neno, nahifadhi,
seva inabaki na akili za jana.
Naiua. Naiwasha.
Nakimbilia dirisha la pili, namuunganisha msakaji,
naweka doa jekundu mstari wa arobaini na tatu,
nangoja,
kumbe nimesahau mkato.
Naiua. Naiwasha.
Nimekuwa kama mpishi anayezima jiko
kila akitaka kuonja mchuzi.
Mara ya ishirini doa likageuka kijivu:
lipo, linangoja,
ila hakuna anayepita njia hiyo.

Odera akaniachia sauti kwenye simu, anatafuna kitu:
“Bado unawasha kwa mkono?
Hata pampu ya maji ya ploti yenu, boya likishuka,
haimsubiri kepteka.”

Iliniuma, kwa sababu pampu ilikuwa inanguruma chini yangu
wakati huo huo.

Nikafungua faili la mipangilio,
lile la mabano yenye viuno
na mikato inayonuna ukizidisha mmoja.
Nikaajiri mlinzi: faili likiguswa,
aiangushe seva, aiinue.
Nikataja mlango: 9229.

Mara ya kwanza mlinzi alikuwa na bidii ya kijinga.
Seva ikiamka inaandika kwenye kumbukumbu zake “nimeamka”;
mlinzi anaona faili limeguswa, anaiangusha;
inaamka, inaandika “nimeamka”...
Feni ya kompyuta ikapiga kelele,
yuniti zikawa nne.
Nikamwambia: folda ile si yako. Angalia hii tu.

Kisha agizo la msakaji mwenyewe.
Seva ikidondoka, usiondoke,
usinirushie dirisha la lawama usoni.
Simama mlangoni ubishe hodi
mpaka ufunguliwe.
Yote hayo, kwa lugha ya mashine, ni neno moja,
nukta mbili,
na thamani yake: kweli.
Kweli isiyo na alama za kunukuu.
Ukiizungushia alama
inakuwa maandishi tu, kweli ya mdomoni.

Niliandika hivyo nikacheka peke yangu.
Sikujua nimeshajijibu.

Nikahifadhi. Mikono nikaiweka mapajani.
Seva ikaanguka, ikainuka,
hodi, hodi,
na doa la kijivu likapata damu.

Nikaingiza mchango. Muda ukasimama mstari wa arobaini na tatu,
na pale pale, uchi, nikaziona:
mia mbili upande huu, hamsini upande ule,
zote mbili zimevaa alama za kunukuu
kama maneno ya mtu mwingine.
Mashine haikujumlisha. Ilizipanga foleni:
mbili, sufuri, sufuri, tano, sufuri.
Haikuiba wala haikukosea hesabu.
Hakuna aliyeiambia kwamba hizi ni pesa.

Nikazivua alama. Nikahifadhi.
Sikuua kitu. Sikuwasha kitu.
Mia mbili hamsini.

Yuniti mbili. Chini, pampu imenyamaza, tangi limejaa.
Nikamwandikia Bi Kanini: tumepata kosa, hesabu yako iko sawa,
pole kwa usumbufu, lala salama.

Alijibu kabla sijafunga kompyuta:
“Asante. Na zile elfu kumi na tisa, mia nane
umezipeleka wapi?”